Denis Burkitt

Denis Parsons Burkitt (Enniskillen, Ireland ya Kaskazini, 28 Februari 1911 – Gloucester, Uingereza, 23 Machi 1993) alikuwa daktari mpasuaji aliyefanya kazi nchini Uganda kwa takribani miaka 20. Anajulikana hasa kwa kueleza aina ya saratani ya watoto ambayo leo inaitwa limfoma ya Burkitt, na kwa kuchora ramani ya mahali inapotokea barani Afrika. Kazi yake ilisaidia kupatikana kwa virusi vya kwanza kujulikana kuwa vinahusika na saratani ya binadamu. Vilevile ilionyesha mapema kwamba saratani iliyoenea mwilini inaweza kutibiwa kwa dawa. Katika sehemu ya mwisho ya maisha yake alihimiza watu kula vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi.

Maisha ya awali na elimu

Burkitt alizaliwa Enniskillen katika kaunti ya Fermanagh. Baba yake, James Parsons Burkitt, alikuwa mhandisi wa kaunti. Katika muda wake wa mapumziko alichunguza ndege: aliwavisha pete miguuni ili awatambue, kisha akaandika kwenye ramani kila mmoja alikoishi. Mwanawe alikuja kutumia njia hiyohiyo ya ramani kwa magonjwa ya binadamu.

Alipokuwa na umri wa miaka 11 alipata ajali iliyompotezea jicho la kulia. Aliendelea na shule, na mwaka 1929 akaingia Trinity College, Dublin, kusomea uhandisi kama baba yake. Akiwa huko imani yake ya Kikristo ilipata nguvu, akaona wito wake ni udaktari, akabadili masomo. Alihitimu mwaka 1935, na mwaka 1938 akawa mwanachama kamili wa Chuo cha Kifalme cha Wapasuaji cha Edinburgh.

Aliomba kazi ya udaktari katika utumishi wa makoloni ya Uingereza barani Afrika, lakini alikataliwa kwa sababu alikuwa na jicho moja tu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alipokelewa katika kikosi cha madaktari wa jeshi la Uingereza. Alihudumu Kenya, Somalia na Ceylon (leo Sri Lanka). Mwaka 1943 alimwoa Olive Rogers, nao walijaliwa mabinti watatu. Baada ya vita aliomba tena utumishi wa makoloni, na safari hii akakubaliwa na kupangiwa Uganda.

Lira na ramani ya mabusha

Mwaka 1946 Burkitt alifika Lira, kaskazini mwa Uganda, akiwa daktari wa wilaya ya Lango. Huko alipasua wanaume wengi wenye mabusha. Aliona kwamba wengi wao walitoka mashariki mwa wilaya, ilhali upande wa magharibi ugonjwa ulikuwa nadra. Alihesabu wagonjwa, akaandika kila mmoja alikotoka, akachora ramani. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1951 katika jarida la kitabibu la The Lancet.

Mabusha husababishwa na minyoo midogo inayoenezwa na mbu, ileile inayoleta matende. Ni ugonjwa unaojulikana sana pia katika pwani ya Tanzania, pamoja na Dar es Salaam. Kwa Burkitt funzo kubwa lilikuwa kwamba mahali ugonjwa ulipo, na mahali usipokuwepo, panaweza kuonyesha unakotoka.

Watoto wenye uvimbe wa taya

Kutoka Lira alihamishiwa Hospitali ya Mulago mjini Kampala, iliyokuwa hospitali ya kufundishia ya Chuo Kikuu cha Makerere. Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita wodini amwangalie mvulana wa miaka mitano hivi. Taya zake zilikuwa zimevimba pande zote mbili, juu na chini. Burkitt hakuwa ameona kitu kama hicho. Uambukizo wa jino au wa mfupa kwa kawaida hushika upande mmoja, na saratani ya mfupa vilevile.

Baada ya muda mfupi alitembelea hospitali ya Jinja. Kupitia dirishani alimwona mtoto mwingine akiwa na uvimbe wa namna ileile usoni. Alipompima alikuta pia uvimbe tumboni. Aliporudi Kampala alianza kupekua mafaili ya wagonjwa wa zamani. Aligundua kwamba watoto wenye uvimbe wa taya mara nyingi walikuwa pia na uvimbe katika figo, ini, ovari au sehemu nyingine za mwili. Madaktari walikuwa wakiyaandika hayo kama magonjwa mbalimbali, kumbe yalikuwa ugonjwa mmoja.

Uvimbe wenyewe haukuwa mpya. Albert Cook, daktari mmisionari aliyeanzisha Hospitali ya Mengo mwaka 1897, alikuwa ameacha kumbukumbu na michoro ya wagonjwa wa aina hiyo. Wanapatholojia wa Makerere, hasa J.N.P. Davies, walikuwa wamekwisha kuona kwamba saratani hiyo ilikuwa nyingi kwa watoto wa Uganda. Mchango wa Burkitt ulikuwa kuziunganisha dalili hizo kuwa ugonjwa mmoja. Alichapisha maelezo yake mwaka 1958. Baadaye mwanapatholojia Gregory O'Conor, akifanya kazi Kampala, alionyesha kwamba ni limfoma, yaani saratani inayoanzia katika seli za kinga za mfumo wa limfu.

Limfoma ya Burkitt hukua haraka sana. Seli zake zinaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Mtoto aliyeanza kwa jino kulegea au shavu kuvimba anaweza kuwa hatarini kufa baada ya wiki chache. Kwa hiyo kuutambua ugonjwa mapema ni jambo la uhai.

Safari ya mwaka 1961

Burkitt alitaka kujua ugonjwa huo unafika wapi. Kwanza alituma vipeperushi vyenye picha kwa hospitali za serikali na za misheni katika nchi nyingi za Afrika, akiuliza kama wagonjwa wa namna hiyo wamewahi kuonekana. Majibu yalionyesha ukanda unaokata katikati ya bara, ukiwa na mkia unaoshuka upande wa mashariki kuelekea Msumbiji.

Ili ajue ukanda huo unaishia wapi, mwezi Oktoba 1961 aliondoka Kampala kwa gari la Ford lililokwisha kutumika, pamoja na madaktari wamisionari wawili, Ted Williams na Cliff Nelson. Walisafiri kwa wiki 10 hivi, takribani kilomita 16,000, wakipita Tanganyika na nchi nyingine hadi Afrika Kusini, kisha wakarudi. Walitembelea hospitali zaidi ya 50. Kila walipofika waliwaonyesha wauguzi na madaktari picha, wakauliza maswali, wakaandika.

Walikuta kwamba ugonjwa haukufuata mipaka ya nchi wala ya makabila, bali ulifuata hali ya hewa. Ulikuwa mwingi katika maeneo ya joto na mvua, na nadra katika nyanda za juu zenye baridi au katika maeneo makavu. Karibu na ikweta ulipungua sana kwenye miinuko inayozidi mita 1,500 hivi. Familia zilizohama kutoka milimani kwenda bondeni nazo zilipatwa. Mtaalamu Alexander Haddow wa taasisi ya utafiti wa virusi huko Entebbe aliona kwamba ramani hiyo ilifanana na ya magonjwa yanayoenezwa na mbu.

Kutafuta chanzo

Mwezi Machi 1961, kabla ya safari hiyo, Burkitt alikuwa ametoa mhadhara katika Hospitali ya Middlesex mjini London. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwemo Anthony Epstein, mtafiti wa virusi. Alivutiwa na wazo kwamba saratani inayofuata hali ya hewa huenda ina uhusiano na virusi. Wawili hao walikubaliana kwamba vipande vya uvimbe vitumwe kwa ndege kutoka Kampala hadi London.

Kwa zaidi ya miaka miwili hakikupatikana kitu. Hatimaye Epstein, pamoja na Yvonne Barr na Bert Achong, alifaulu kuzikuza seli za uvimbe maabara na kuona virusi ndani yake kwa hadubini ya elektroni. Walitangaza matokeo mwaka 1964. Virusi hivyo vinaitwa virusi vya Epstein-Barr.

Hata hivyo virusi peke yake havikutosha kueleza ugonjwa, kwa kuwa watu wazima walio wengi duniani wameambukizwa navyo bila kupata saratani. Jambo la pili lililotajwa ni malaria. Burkitt na wenzake waliona kwamba ugonjwa ulikuwa mwingi pale malaria ilipokuwa nyingi mwaka mzima, na kwamba ulikuwa nadra Unguja na Pemba, ambako malaria ilikuwa imepunguzwa kwa kampeni za kupambana na mbu. Leo inakubalika kwamba malaria ya mara kwa mara hudhoofisha kinga ya mtoto dhidi ya virusi vya Epstein-Barr na kuzichochea seli za kinga zigawanyike mno. Hapo huwa rahisi kwa kromosomu kukatika na kuungana vibaya, na jeni linaloitwa MYC hubaki likifanya kazi bila kizuizi.

Nchini Tanzania wazo hilo lilijaribiwa katika wilaya ya Mara Kaskazini, karibu na Ziwa Viktoria. Kuanzia mwaka 1977 hadi 1982 watoto waligawiwa klorokwini ili kuzuia malaria, na wagonjwa wa limfoma wakahesabiwa. Idadi ya wagonjwa ilishuka, lakini ilikuwa imeanza kushuka kabla ya dawa kugawiwa, na vimelea vya malaria vilianza kuwa sugu. Kwa sababu hiyo jaribio hilo halikutoa jibu la mwisho, ingawa matokeo yake hayakupingana na wazo la Burkitt.

Tiba kwa dawa

Burkitt alikuwa mpasuaji, lakini aliona mapema kwamba kisu hakiwasaidii watoto hao. Kukata taya kuliharibu uso na ugonjwa ulirudi. Tiba ya mionzi haikuwepo Uganda wakati huo. Zilibaki dawa, ambazo kote duniani zilikuwa bado katika majaribio.

Kuanzia mwaka 1960 alianza kupokea dawa za saratani, kama methotrexate na cyclophosphamide, kwa msaada wa watafiti kutoka Marekani. Mjini Nairobi daktari Peter Clifford alifanya kazi kama hiyo. Matokeo yaliwashangaza wengi: baadhi ya watoto walipona kabisa baada ya dozi chache tu, hata moja au mbili. Burkitt aliwatafuta wagonjwa wake vijijini baada ya miezi na miaka, kwa sababu bila kuwafuatilia asingejua nani amepona na nani amefariki. Wengi walifariki, hasa wale ambao ugonjwa ulikuwa umefika kwenye ubongo au umeenea sana tumboni. Lakini wale waliopona walithibitisha kwamba saratani iliyoenea inaweza kuponywa kwa dawa.

Mwaka 1967 kilianzishwa Mulago kituo maalumu cha kutibu limfoma, ambacho kilikua na kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Kiongozi wake wa kwanza Mganda alikuwa daktari Charles Olweny. Mpango wa kutumia dawa kadhaa kwa pamoja, uliojaribiwa huko, ulichangia tiba ya saratani nyingine sehemu nyingi za dunia.

Nyuzinyuzi na magonjwa ya kisasa

Burkitt alirudi Uingereza mwaka 1966. Huko alikutana na mawazo ya daktari Peter Cleave, aliyeamini kwamba sukari na unga uliokobolewa husababisha magonjwa mengi. Burkitt alikumbuka kwamba katika miaka yake Uganda alikuwa ameona mara chache mno kidole tumbo, saratani ya utumbo mpana, kisukari au ugonjwa wa moyo miongoni mwa watu wa vijijini. Alitumia njia yake ya zamani, akatuma madodoso kwa hospitali za misheni kila mwezi na kuhesabu majibu.

Pamoja na Alec Walker wa Afrika Kusini alipima muda ambao chakula huchukua kupita tumboni. Wanavijiji wa Afrika waliokula nafaka isiyokobolewa, maharage, viazi vitamu na mboga walipata choo kikubwa na laini baada ya takribani siku moja na nusu. Waingereza wengi walihitaji siku tatu au zaidi. Alihitimisha kwamba nyuzinyuzi zinalinda utumbo. Kitabu chake kwa wasomaji wa kawaida kuhusu nyuzinyuzi, kilichotoka mwaka 1979, kilitafsiriwa kwa lugha kadhaa.

Si madai yake yote yaliyothibitishwa. Wakosoaji walisema kwamba watu wa vijijini walitofautiana na Wazungu kwa mambo mengi zaidi ya nyuzinyuzi, na kwamba hospitali zisizo na vifaa hukosa kutambua magonjwa mengi. Hata hivyo utafiti wa baadaye uliunga mkono sehemu kubwa ya ushauri wake, hasa kwamba nafaka zisizokobolewa hupunguza hatari ya saratani ya utumbo mpana.

Saratani ya matiti na hali ya Dar es Salaam

Burkitt hakuwa mtafiti wa saratani ya matiti, lakini ugonjwa uliopewa jina lake unagusa pia matiti. Limfoma ya Burkitt inaweza kumpata mwanamke kijana, hasa akiwa mjamzito au akinyonyesha, na kuyavimbisha matiti yote mawili kwa haraka. Tiba yake ni dawa, si kukata titi. Ndiyo maana kila uvimbe wa titi unapaswa kutolewa kipande kidogo na kupimwa maabara kabla ya kuamua tiba.

Saratani ya kawaida ya matiti ina sura nyingine. Mara nyingi huanza na uvimbe mgumu usiouma katika titi moja au kwapani. Dalili nyingine ni chuchu kuingia ndani, chuchu kutoa damu, au ngozi kubonyea na kuwa kama ganda la chungwa. Wanaume pia hupatwa, ingawa ni wachache. Miongoni mwa wanawake wa Tanzania ni ya pili kwa wingi baada ya saratani ya mlango wa kizazi, na wagonjwa walio wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umefikia hatua ya tatu au ya nne. Uvimbe usiouma hauwasukumi watu kwenda hospitali. Wengine huanzia kwa waganga au hukosa nauli, na wengine huogopa kukatwa titi.

Mkazi wa Mbagala au Tandale huanzia kituo cha afya cha karibu, kisha hospitali za rufaa za mkoa kama Temeke au Mwananyamala iliyopo Kinondoni, kabla ya kupelekwa Muhimbili au Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Ocean Road iko katika majengo ya hospitali iliyofunguliwa na Wajerumani mwaka 1897, na imekuwa taasisi ya saratani inayojitegemea tangu mwaka 1996. Kwa miaka mingi ilikuwa mahali pekee pa tiba ya mionzi nchini, kabla ya Hospitali ya Bugando mjini Mwanza kuanza huduma hiyo. Watoto wenye limfoma ya Burkitt walitibiwa Ocean Road kwa muda mrefu, hadi wodi ya watoto wenye saratani ilipohamishiwa Muhimbili.

Tiba ya saratani ya matiti huunganisha upasuaji, dawa za saratani, mionzi, na vidonge vya kuzuia homoni kwa wale ambao uvimbe wao unategemea homoni. Uvimbe mdogo mara nyingine huondolewa bila kukata titi lote. Hakuna njia ya kuizuia kabisa, lakini kunyonyesha, kufanya mazoezi, kuepuka unene na kupunguza pombe hupunguza hatari.

Heshima na kifo

Mwaka 1972 Burkitt alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society ya London, na mwaka huohuo alikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Lasker ya Marekani kwa tiba ya saratani kwa dawa. Mwaka 1974 alitunukiwa nishani ya CMG na serikali ya Uingereza.

Waliomfahamu walimkumbuka kama mtu wa imani na mcheshi, ambaye katika mihadhara yake alionyesha picha za vinyesi bila aibu ili kueleza umuhimu wa nyuzinyuzi. Alifariki Gloucester tarehe 23 Machi 1993, akiwa na umri wa miaka 82, akazikwa katika kijiji cha Bisley alikokuwa akiishi.

Limfoma ya Burkitt bado ni miongoni mwa saratani kuu za watoto katika Afrika ya Mashariki. Katika nchi tajiri watoto wengi wanaoipata hupona. Barani Afrika wanaopona ni wachache zaidi, ingawa dawa zinajulikana, kwa sababu watoto huchelewa kufikishwa hospitali, dawa hukosekana, au matibabu hukatizwa familia inapoishiwa fedha.